Mkono Wangu Katika Kura ya Bendi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Tukuyu nikitokea Suma, suruali imelowa hadi magotini, gitaa nimelifunga ndani ya mfuko wa mbolea. Kiongozi wa bendi, Anyosisye, ndiye aliyeianzisha Radi Bendi kwa magitaa mawili na ngoma za kuazima. Alinisikiliza kidogo tu, akanipokonya gitaa, akanipa jingine zito la nyuzi nne.

"Wewe ni mtu wa besi, Ambakisye."

"Sijawahi kupiga besi, Kiongozi."

"Ndiyo maana hujaiharibu bado."

Besi ni sauti ya chini inayoubeba wimbo; mchezaji huisikia tumboni kabla ya masikioni. Solo ndilo gitaa linaloimba, rithimu linajaza katikati. Sisi tulipiga roki, kwa hiyo solo la Kiongozi lilipita kwenye kikanyagio, kidude cha mguuni kinachoikwaruza sauti mpaka inauma. Kiongozi hakuhesabu moja, mbili, tatu. Aliinua bega la kushoto, likishuka, tunaingia. Miaka tisa nilifanya kazi nikiangalia bega la mtu.

Tulipiga Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja wa Tukuyu. Wafanyakazi wa chai walikuja wameshika viatu vya kuchezea mkononi kwa sababu ya matope. Kisha wakaanza kupungua. Meneja wa ukumbi akatuita.

"Watu siku hizi wanataka bendi ya harusi," alisema. "Ongezeni kinanda, punguzeni makelele."

Gwamaka, mpiga rithimu wetu, aliona ni sawa. Kiongozi alimgeukia. "Mimi nilianzisha bendi ya roki. Sikuanzisha bendi ya kukatia keki."

"Tupige kura basi," Gwamaka akasema.

Mikono minne ilinyooshwa kukubali kinanda, na wa nne ulikuwa wangu. Kiongozi aliutazama huo wangu tu. Akachomoa waya wa gitaa lake, akaukunja taratibu, akarudi kwao Kinyala.

Onyesho la kwanza bila yeye tulisimama jukwaani tukitazamana. Hakuna aliyejua wimbo unaanzaje. Mwishowe mpiga drams aligonga vijiti, tukaingia kila mtu na wakati wake, watu wakacheka. Gwamaka akachukua solo na uongozi. Tukashonewa makoti yanayofanana. Akaletwa binti wa kinanda kutoka Mbeya, fundi kweli, anayesoma noti. Kazi zikawa nyingi kuliko zamani, lakini watu walikula wali huku tunapiga, na mimi sikutulia. Nilibadili nyuzi, nikabadili mahali pa kusimama, siku nyingine nikapiga nimewapa wageni mgongo. Gwamaka aliniuliza kama naumwa.

Mwaka wa pili tuliitwa kwenye harusi hapa Ibighi. Waliotuita ni upande wa bwana harusi. Hatukuuliza bibi harusi ni nani. Nilipoinua macho nilimwona Kiongozi meza ya mbele, amevaa suti. Alikuwa anamwoza binti yake.

Mshereheshaji akatangaza keki. Kinanda kikaanza polepole. Mikono yangu ikakataa. Niliongeza sauti hadi mwisho nikaupiga mwanzo wa wimbo wetu wa zamani, ule alioutunga yeye. Mpiga drams akaudaka. Glasi zikatetemeka mezani, bibi harusi akabaki na kisu mkononi, na Gwamaka akanipigia kelele ambazo sikuzisikia.

Kiongozi alisimama. Nilidhani anakuja kushika gitaa, nikasogea kwa furaha nimpishe. Alipanda jukwaani, akainama kwenye ampli yangu, akaishusha sauti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu anakata keki, Ambakisye," alisema. "Piga wanachopiga wenzako."

Nikapiga.

Tulipomaliza nilimfuata nje. Sikujua nianzie wapi, nikamsalimia Kinyakyusa. "Ugonile, Kiongozi."

"Ndaga. Mnapiga vizuri siku hizi. Mnaingia pamoja."

"Rudi basi."

"Nirudi wapi? Ile ni bendi ya Gwamaka sasa." Akanishika bega. "Ila ule mkono sijauelewa hadi leo. Wale wengine niliwatarajia. Wewe ulitaka nini?"

Nilimjibu kwamba niliogopa kukosa kazi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akarudi kwa wageni wake.

Nilipiga miaka mingi baada ya hapo, chini ya viongozi watatu, mpaka vidole vikakataa kukunjika nikastaafu. Sasa naishi hapahapa Ibighi na siwezi kukaa kwenye kiti nikamaliza chai. Nililomjibu siku ile lilikuwa uongo. Sikuogopa kukosa kazi. Nilichoka kusubiri bega lake. Nilitaka walau wimbo mmoja niuanzishe mimi. Na siku nilipouanzisha, niliuanzisha kwenye harusi ya binti yake.

Kiongozi bado yupo Kinyala, nasikia magoti yanamsumbua. Wiki hii nimeenda stendi mara mbili nikapande gari la kwenda kumwambia ukweli, nikasimama, nikarudi nyumbani. Leo nimeamka mapema, nimeshavaa viatu.