Siri ya Mama Feza na Mpunga Wake

Ninaikumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka ninainamisha uso hata kama niko peke yangu. Nimekuwa bibi kizee, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini aibu ile haijazeeka. Keti hapa. Acha hiyo simu kidogo. Umeniambia kwamba rafiki yako amekufungulia moyo wake, na kwamba kesho unataka kulipeleka jambo lake kwenye kikundi cha maombi. Sawa. Ngoja kwanza nikuambie mimi nililipeleka jambo la nani.

Ilikuwa wakati wa Zaire, hapa hapa Kindu. Nilikuwa msichana, ninafundisha darasa la pili, mikono laini ya kushika chaki, na nilikuwa ninapenda sana kusali mbele ya watu. Ninakuambia ukweli, siwezi kudanganya kwa umri huu. Pasta akiuliza, "Nani ana ombi?", mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Serikali ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo. Mimi Estere nikawa sitwayene Riziki, yaani mwananchi Riziki, ndivyo tulivyolazimishwa kuitana, na jina la Estere likabaki kinywani mwa mama yangu tu, ananiita nalo kwa kunong'ona uani. Ona basi maajabu: majina yetu tulijua kuyaficha, siri za wenzetu hatukujua.

Lakini zilikuwa siku nzuri pia, usinicheke. Alfajiri mwadhini anaadhini, treni inapiga filimbi kule kituoni, na sisi wamama na wasichana wa kanisa tumekwisha kujifunga vikwembe, tunashika njia ya Kailo kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Tulikuwa na zamu. Leo tunakata mpunga wa huyu, kesho wa yule, watu kumi na tano kwenye shamba moja, na nyimbo mpaka jua la saa sita. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya serikali, ilikuwa ya lazima na kila mtu alichelewa kusudi. Kwenye zamu yetu hakuna aliyechelewa. Hata leo nikisikia harufu ya mchele mpya, zile nyimbo zinanirudia, na wengi wa wale walioimba nimewazika.

Jirani yangu alikuwa Mama Feza. Mume wake alikuwa amekwenda Kalima kwenye machimbo, naye alibaki hapa na watoto wanne. Siku moja tulikuwa tunatwanga pamoja, michi miwili kwenye kinu kimoja, mara yeye akaacha kutwanga.

"Riziki," akasema, "baba ya watoto harudi tena. Ameoa mwingine kule, wamejenga nyumba. Muntu aliyetoka Kalima njo ameniambia. Hii maneno ni ya mimi, na wewe, na Mungu. Unasikia?"

"Nimesikia, yaya," nikamjibu. Yaya, maana alikuwa mkubwa wangu, na nilimpenda kweli.

Jumapili ikafika. Pasta akauliza, nami huyoo, nikasimama. Nikasema, "Wapendwa, tumwombee Mama Feza. Mume wake amemwacha na watoto wanne, ameoa mwanamke mwingine Kalima. Bwana amrudishe!" Nikasali kwa machozi, sauti mpaka barabarani. Watu wakaitika amina moja kubwa ambayo sijapata kuisikia tena. Moyoni nikajiambia, leo nimemsaidia dada yangu. Nilipofungua macho, mahali pake kwenye benchi palikuwa wazi.

Juma lile zamu ilikuwa ya shamba lake. Tukafika na visu vyetu, tukamkuta amesimama penye njia, mtoto mgongoni. Akasema, "Rudieni kwenu. Mpunga ni wangu, nitaukata mwenyewe." Hakuna aliyembembeleza sana. Na mpunga, mwanangu, ulikuwa umeiva mpaka unadondoka, na ndege walikuwa wanashuka makundi kwa makundi. Mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni hawezi kukata shamba lile na kufukuza ndege pia. Na mpunga huo ndio uliokuwa chakula cha wale watoto mwaka mzima, maana kutoka Kalima hakingekuja kitu.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilikwenda kwa Mama Zawadi, shemasi wetu, kumshitaki Feza! Nilimkuta anapepeta mchele.

"Mama, Feza ameshikwa na kiburi. Anakataa msaada wa kanisa."

Akaweka ungo chini. Mama Zawadi hakuwa mtu wa kugomba, ndiyo maana maneno yake yaliniingia.

"Yeye alikutuma useme?"

"Hapana, Mama. Lakini mimi nilimwambia Mungu."

"Aka! Uliambia sisi. Mungu alikuwa amekwisha kujua, Feza mwenyewe alimwambia. Sisi njo hatukujua." Akanitazama. "Mwanamke yule alikuwa na mahali pamoja pa kulilia. Umemfungia."

Nililia. Nikamwambia ninakwenda mara moja kumwomba msamaha.

"Na mudomo tena? Mudomo upumzike kwanza. Kisu iko?"

"Kiko, Mama."

"Basi, unajua njia."

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Kesho yake alfajiri nilikuwa shambani kwa Feza, nikaanza kukata kutoka pembe ya mbali. Akaniona. "Toka," akasema. Nikaendelea kukata. "Riziki, nimesema toka!" Akaokota bonge la udongo akanitupia, likanipata mgongoni, pu! Nilistahili. Nikakata tu, machozi na jasho vinashuka pamoja, sijui kipi ni kipi.

Siku ya pili hakunifukuza tena. Yeye upande wake, mimi upande wangu, na katikati ndege. Wewe hujui majani ya mpunga, unajua mchele wa dukani. Yanakata. Ile mikono yangu ya chaki ilipasuka kila kidole, nikawa ninashika kisu kwa kuuma meno. Wala sikusali kwa sauti. Nilisema tu ndani, "Bwana, usimwache," kwa kila fungu nililokata.

Siku ya nne tukakutana katikati ya shamba. Akaitazama mikono yangu. Akachana upindo wa kikwembe chake, akanifunga vidole.

"Unakata vibaya," akasema. "Unaacha nusu."

"Nisamehe, yaya."

"Nilikusamehe jana. Inama, tumalize."

Heee, mwanangu! Tulicheka na kulia pale, mpaka mtoto wake mgongoni akaamka.

Usidhani kila kitu kilitengenea. Mpunga wa bondeni ndege walikuwa wameula karibu wote, na ule sikuweza kuurudisha. Mume hakurudi. Yale maneno yangu pia hayakurudi kinywani, kwa miaka mingi watu walimwita mwanamke aliyeachwa. Lakini watoto walikula, na Jumapili iliyofuata Feza alikuja, akakaa penye benchi lake.

Pasta akauliza, "Nani ana ombi?" Mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa kimya. Feza ndiye aliyesimama.

"Kuna ndugu yetu mmoja," akasema, "mikono inamuuma. Mungu anamujua. Tumuombee."

Akakaa. Watu wakageuka huku na huku wakitafuta ni nani. Mimi nimeingiza mikono chini ya kikwembe. Alikuwa na haki ya kusema kila kitu, jina langu na kosa langu, mbele ya wote. Hakusema. Niliombewa na kanisa zima na hakuna aliyejua ni mimi, na sijaombewa vizuri hivyo tena.

Basi, mwanangu, mtu akikupa mzigo wake, kwanza unyamaze. Umwombee, ndiyo, tena sana, lakini chumbani kwako. Ukitaka wengine waombe, muulize mwenyewe kwanza, na akikataa, waambie tu kuna ndugu yetu mmoja. Halafu utazame kazi gani imemshinda, maji, kuni, watoto, uende uifanye bila kumhubiria. Akikufukuza siku ya kwanza, rudi ya pili. Imani yetu nimeijua pale shambani kuliko kwenye zile sala zangu ndefu.

Lete kichwa nikushike. Mungu wa mama yangu akupe masikio ya kusikia, akufunge mdomo panapohitaji kufungwa, na mikono yako isikose mtu wa kuifunga ikipasuka. Amina. Haya, nenda kwa rafiki yako. Na jina lake usinitajie, hata mimi.