Nusu ya Kitabu Iliyobaki Kwangu

Msimu huu wa mvua nimesoma riwaya tatu, mbili za mambo ya ajabu na moja ya kihistoria, na zote tatu zimenikasirisha mahali pamoja: mlangoni.

Ya kwanza ina malkia aliyepinduliwa, anayezunguka nchi yake amevaa magunia. Anabisha kwa mfinyanzi maskini, na mfinyanzi anafungua bila hata kuuliza ni nani. Ya pili ina ngome ambayo lango lake hujifungua lenyewe likimnusa mtu mwema. Ya tatu, ile ya kihistoria, ni ya mji uliozingirwa na maadui, na humo kuna mwoka mikate anayemficha jirani yake nyuma ya magunia ya unga mpaka vita vinakwisha. Mwandishi anaijua kazi yake, sikatai. Unga unaunusa, njaa unaisikia tumboni. Lakini yule mwoka mikate nilimchukia kama mke mwenza. Nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Mtu aliyesoma riwaya nyingi kama mimi ana haki ya kununa. Nilianza zamani, nilipotoka kwetu magharibi kuja Eldoret kuwa karani wa ghala la mahindi, na tangu hapo nimewajua waandishi na ujanja wao. Wa mambo ya ajabu wakikwama huleta uchawi. Wa kihistoria wakikwama huandika "miaka kumi baadaye", wakaruka na kutua mbele, watu wameshaoa na wameshazaa. Hakuna anayebaki nyuma na mtu aliyekaa kitandani akisikia mlango unabishwa na asifungue. Mtu huyo hana riwaya. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu huyo ni mimi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Pioneer, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyotazamana, ikitunzwa na mzee mmoja mkali aliyependa ua wake kuliko wapangaji. Ng'ambo ya ua aliishi mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya kupanga watoto mstarini hata akiomba chumvi. Yeye alikuwa wa kabila ambalo baadaye lilifukuzwa, mimi wa kabila lililoachwa. Kabla ya hapo, tofauti hiyo kazi yake ilikuwa utani tu. Aliniambia sisi tunaweza kumla kuku hata kwenye matanga ya kuku mwenyewe. Nami nilimwambia kwao wasipoangaliwa watatia viazi kwenye chai.

Kilichotuunganisha ni vitabu. Riwaya nene tulizinunua kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, naye alikuwa na nakala moja moja tu, na hakuna kati yetu aliyeweza kungoja mwenzake amalize. Kwa hiyo tulizikata. Mwalimu alikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Alikilaza kitabu juu ya meza, akatafuta mahali sura inapoishia karibu na katikati, akapasua mgongo, kisha tukaivisha kila nusu jalada la karatasi ya kalenda. Aliyetangulia akimaliza nusu ya kwanza alivuka ua, akagonga kwa kucha mara tatu, akamkabidhi mwenzake na kurudi kuanza ya pili. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusimulia mwisho.

Desemba ya uchaguzi wa 2007 tulikuwa tumeikata riwaya moja nene kama tofali, ya binti anayetafuta ziwa lililoibwa. Mwalimu ndiye aliyetangulia. Krismasi ilipokaribia aligonga mara tatu, akanipa nusu yake, akajifungia na nyingine.

Kisha matokeo yakatangazwa na moshi ukaanza. Moshi wenyewe sitaueleza, waliouona wanaujua. Nitasema nilichofanya mimi. Nilisukuma kabati nyuma ya mlango, nikakaa kitandani na binti yangu mapajani. Alikuwa na miaka minne. Siku ya tatu, mchana kweupe kama saa nane, mlango ukabishwa. Nilimziba mtoto mdomo kwa kiganja. Ukabishwa tena, halafu nyayo zikaenda zake. Jioni, kiu ilipotuzidi, nilitoka kuchota maji nikaona mlango wa mwalimu uko wazi. Sufuria ilikuwa juu ya jiko. Mwenyewe hayupo.

Siku ile ningeapa sikumbuki mlango uligongwa mara ngapi. Baada ya mwezi nilidhani ni mara mbili. Baada ya mwaka zilikuwa tatu, tena kwa kucha.

Habari zilikuja kwamba yuko hai, yuko kwenye kambi ya mahema, mwendo wa miguu tu kutoka mjini. Sikwenda kumwona. Naliandika hili kwa sababu ndilo baya kuliko lile la mlango: mlangoni nilikuwa na hofu, lakini kambini nilikuwa na aibu tu, na aibu haijawahi kumchomea mtu nyumba. Baadaye nilihama Pioneer na nusu yangu ya kitabu. Sikutafuta nakala nzima. Niliona mwisho wa hadithi ile si haki yangu.

Mwaka huu mwenzangu wa kazini alimwoza binti yake kule Timboroa, milimani. Baridi ya huko haina adabu, inaingia mpaka kwenye soksi, na wageni wote tulikimbilia chai kabla hata ya kuwasalimu wenyeji. Ndipo nikaisikia sauti kutoka mbele ya foleni: "Laini ni moja! Hakuna kusukumana!"

Niliijua kabla ya kuuona uso. Nilitaka kurudi nyuma ya nguzo ya hema, lakini mwalimu hakosi kumwona anayejificha.

"Wee! Jirani! Si ni wewe uko na nusu ya kitabu yangu?"

Alinikumbatia na birika mkononi, na chai ikanimwagikia kiatuni. Kisha akanivuta nyuma ya jiko, tukakaa juu ya kreti za soda. Sikungoja chakula. Nilijua nikishiba sitasema.

"Mwalimu, ile siku ulitoroka, uligonga kwangu. Nilikuwa ndani. Nilisikia na sikufungua."

Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeleta jibu la hesabu nyingine.

"Mimi? Mimi sikugonga."

"Saa nane mchana."

"Saa nane nilikuwa nimefika kambi kitambo. Nilitoka asubuhi mapema, watu bado wamelala. Nilipita kwa mlango yako nimeshika viatu kwa mkono, ndiyo usisikie. Huyo wa saa nane ni Mzee wa ploti. Aliniletea blanketi huko kambi, akaniambia alizunguka kugonga kila nyumba awaambie mchote maji kabla ikatike, na hakuna mtu hata mmoja alifungua. Alikuwa amewakasirikia, wacha tu!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka mpishi akageuka kutuangalia, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Miaka yote ile nilikuwa nimembeba mzee mkali na ndoo zake za maji. Moyo ulinitua, nikasikia njaa ya ajabu, hata baridi nikaisahau.

Lakini msomaji hana adabu, lazima aulize. "Kwa nini hukugonga?"

Alimimina chai kwanza.

"Wangenipata kwako wangechoma nyumba na mtoto ndani. Hiyo ni moja." Akaweka birika chini. "Ya pili, niliogopa utakataa kufungua. Hiyo sikutaka kujua. Nikaona heri niende hivyo tu."

Hapo ningeweza kudanganya. Katika riwaya zangu zote tatu mtu angedanganya vizuri sana, na machozi juu.

"Singefungua, Mwalimu."

"Najua," alisema. "Hata mimi, kama ingekuwa wewe, sijui. Kunywa chai, inapoa."

Nimesoma misamaha mingi katika vitabu. Wafalme hupiga magoti, panga huvunjwa, mito hurudi nyuma. Sijasoma hata mmoja uliokuwa mfupi kiasi kile, wala ulioniacha mwepesi hivyo. Ninaandika haya nikiwa bado mwepesi.

Nilimuuliza nusu yake iko wapi. Aliichoma. Kambini kuni zililowa na mvua, na karatasi ndiyo iliyowasha moto wa chai. "Lakini nilikuwa nasoma kwanza, ndiyo nachoma," alisema, kana kwamba nitamdai. Alisoma ukurasa, akaukunja, akautia motoni, mpaka binti akalipata ziwa lake na kitabu kikaisha. Kwa hiyo mwisho wangu sasa ulikuwa kichwani mwake tu.

"Basi nisimulie."

"Na sheria?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Kwanza rudia nusu yako. Umesahau kila kitu, nakujua. Ukimaliza nitakuja."

Kweli nilikuwa nimesahau. Nilimwelekeza ninakokaa siku hizi, nikarudi Eldoret nikalifungua lile jalada la kalenda, nikaanza upya, jioni kwa jioni. Cha kuchekesha ni kwamba katika sura ya nne kuna mlango. Binti anabisha, na hakuna anayefungua, na mwandishi hamlaumu yeyote. Binti anaketi kizingitini, anafunga viatu vyake, anaendelea na safari. Sikukumbuka kabisa kwamba sura hiyo ipo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nachambua mchicha nilipousikia mlango. Ni kucha. Mara moja. Mara mbili. Pigo la tatu lilinipata mimi begani, kwa sababu mlango ulikuwa wazi tayari.

"Umemaliza nusu yako?" aliuliza kwa ile sauti yake ya mstarini.

"Nimemaliza," nikasema. "Ingia."