Kinga Iliyozidi

Neno lililonitesa mwaka ule ni kinga. Daktari wa Nyeri aliniambia nina lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili, nami nikarudi Mukurweini nikamweleza mama kwa maneno hayo hayo. Hilo ndilo kosa langu. Kwetu ukisema mtu ana ugonjwa wa kinga, kila mtu anajua imeshuka. Mama alikuwa amemuuguza dada yake hadi kaburini kinga ikiwa imeisha, na hakutaka kuzika tena.

Akaanza kuniongezea. Supu ya thabai, yale majani yanayowasha, kila asubuhi, tangawizi, vitunguu saumu, na unga wa majani fulani kutoka sokoni. "Kunywa, maitu," ananiambia. Huniita mama yake kwa sababu nina jina la nyanya.

Nilimweleza mpaka nikachoka. Kwamba seli ikivamiwa na virusi hutoa kitu kinachoitwa interferoni, ambayo ni kama nduru: majirani wanaisikia, wanatoka na mapanga. Kwangu nduru haikomi na mwizi hayupo, kwa hivyo mapanga yanawakata wenye nyumba. Yalianza na viungo, yakaja kwa ngozi. Tembe zangu ni za kuwatuliza hao majirani.

"Nimeelewa," anasema. "Lakini kinga ikitosha utapona."

Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe ni mama mzazi.

Kisha miguu ikavimba na mkojo ukaanza kutoa povu. Nikarudi Nyeri na mama. Daktari akasema ugonjwa umefika kwenye figo, akaniuliza kama ninameza dawa. Nikakasirika. Sikuwa nimeruka hata siku moja. Vidole vyangu vilikuwa vibovu, hivyo mama ndiye aliyenitolea tembe mbili kila asubuhi, nikameza mbele yake.

Mama akaangalia sakafu. "Mtu wa duka la dawa aliniambia ati hizo zinashusha kinga. Nikawa napatia huyu moja. Hiyo ingine ni vitamini."

Nje kwenye benchi nilimwambia ataniua. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka, na sikujali.

"Sasa tuombe aje?" mama akauliza. "Kanisani tumekuwa tukifunga kila Ijumaa, kinga yako ipande."

"Waambie waombe ishuke."

Alijaribu kulisema hilo ombi pale pale, jina langu likiwa ndani yake. Alifika kwenye jina, akashindwa kuendelea.