Sanda ya Bibi Katika Nchi ya Pamba

Enzi zetu, na ninyi mliokulia huku kwenye pamba mtanishuhudilia, mtu alivuna magunia kwa magunia ya pamba nyeupe na bado mwanawe akaenda shuleni na kaptura yenye viraka viwili matakoni. Viraka hivyo tuliviita televisheni, ingawa televisheni yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Pamba ilipimwa, ikapakiwa kwenye lori, ikaondoka na vumbi lake, na kitambaa hakikurudi. Kijiji chetu ni cha kutembea kwa miguu hadi mji mdogo wa Kagongwa, na ninaposema nguo ziliadimika sizungumzii doti ya khanga ya sikukuu. Nazungumzia hata kipande cha kumfunikia maiti.

Redioni tulielezwa sababu: vita vilivyokwisha majuzi, mafuta yaliyopanda bei, mvua iliyokataa kunyesha. Tukaambiwa tufunge mikanda. Watoto tulicheka sana, maana kaptura za wavulana wa darasa letu zilifungwa kwa kamba za katani, na mwenye mkanda alikuwa mwalimu mkuu peke yake. Sabuni ikatoweka, tukafulia majani ya mpapai. Chumvi ikatoweka, ikarudi, ikatoweka tena. Chai tulitia asali iliyotoka Ushirombo, na asali isipopatikana tulikunywa hivyo hivyo, tukishushia na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa. Ugali ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada. Harufu yake mpaka leo naijua hata ukinifumba macho.

Serikali nayo haikukaa kimya. Ilileta duka la kijiji, ikaleta mgawo kwa kila kaya, ikaleta vibali. Foleni ya dukani ilipangwa kwa mawe: kila nyumba iliweka jiwe lake kwenye mstari, watu wakaenda shambani, na siku zisizo za shule sisi wasichana tukaachwa kuyalinda huku tukicheza mdako. Vijana wa siku hizi mtandao ukikatika kidogo wanashika kichwa na kusema wamekufa. Sisi tulipanga jiwe asubuhi, tukaenda shule, tukarudi, jiwe liko palepale na sabuni imekwisha. Tukalibeba nyumbani, tukacheka, tukala.

Nyumbani kwetu tulikaa na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, katikati ya majani ya tumbaku ya kufukuza wadudu, aliweka kitambaa cha marikani cheupe. Alikinunua kwa fedha ya pamba yake mwenyewe miaka ya neema, kabla maduka hayajabaki na rafu tupu. Kilikuwa sanda yake. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kuzikwa kwa nguo ya kuomba. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo," alikuwa akituambia, "na mimi safari ile sirudi kuirudisha." Jumapili moja moja, akishatoka kanisani, alikitoa na kukianika kivulini. Tuliruhusiwa kukigusa ikiwa tumenawa mikono. Siku nyingine alijilaza juu yake mkekani, akanyoosha miguu, akatuuliza kama kinamtosha, na sisi tukajibu, "Kinakutosha, bibi," kana kwamba ni gauni la harusi.

Kisha ukaja ule msako wa wahujumu uchumi. Wakubwa mnaukumbuka. Jioni hiyo baba alikuwa na redio yake uani, ile ya betri. Betri mpya hazikuwepo, kwa hiyo za zamani tulizianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya taarifa ya habari peke yake. Mtangazaji akasema walanguzi na wote wanaoficha bidhaa watasakwa nyumba hadi nyumba, na atakayekutwa na mali isiyo na maelezo atakamatwa. Hapo sauti ikafifia, ikafa. Baba alizipiga betri, akaziuma, akazigeuza. Hazikurudi.

Baba yangu, majirani walimwita Baba Kabula kwa jina langu, hakuwa mwoga wa fisi wala wa mtu. Lakini serikali aliiogopa. Kesho yake kijijini kila mdomo ulikuwa na habari yake. Huyu anasema wanachukua hata sufuria mpya, yule anasema mtu wa kijiji cha pili amefungwa kwa ajili ya vitenge. Baba akawaza sanduku la mama yake. Kitambaa kizima, kipya, kisichovaliwa, na risiti hakuna. Atakayechukuliwa ni bibi.

Siku zile tulikuwa tunang'oa miti ya pamba na kuichoma, kama sheria ilivyotaka kila msimu ukiisha. Moshi ulikuwa kila shamba, hakuna wa kuuliza moshi huu wa nini. Bibi alipokwenda kwenye sala za jumuiya, baba alifungua sanduku, akabeba kitambaa chini ya koti, akakitumbukiza katikati ya lundo la miti ya pamba na kuwasha moto. Nilikuwepo. Alisimama hapo mpaka ikabaki majivu, na machozi yake alisema ni ya moshi.

Bibi aliporudi alijua kabla hajaambiwa, kwa sababu majani ya tumbaku yalikuwa sakafuni. Baba akapiga magoti. "Mayu, mama yangu, wangekuchukua," akasema. "Nimekuokoa." Bibi aliyaokota majani yale, moja moja, akayarudisha sandukuni. "Basi," akasema, "itabidi nisife mpaka maduka yajae."

Wasakaji walifika siku chache baadaye, viongozi na mgambo. Mbele ya nyumba yetu walimkuta bibi anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini?"

"Mali za walanguzi, bibi. Wewe una nini cha kuficha?"

"Nilikuwa nacho," bibi akajibu.

Wakacheka, wakapita. Hata mlangoni hawakuingia. Na betri ziliposhika nguvu tena, taarifa ilirudiwa yote: mwananchi wa kawaida na vitu vyake vya nyumbani asiwe na hofu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akaenda kukaa zizini peke yake.

Tangu hapo hakutulia. Alimwendea mwenyekiti wa kijiji kuomba kibali cha sanda. Mwenyekiti, mtu mpole kabisa, akamwambia kibali cha sanda hutolewa mtu akishakufa, na mama yake amemwona asubuhi hiyo kisimani. Baba akaaga, akaenda Geita. Wanaume wengi walikuwa wanakwenda kule kuchimba dhahabu kwa sululu, wakishuka kwenye duara, yale mashimo yao, kwa kamba. Dhahabu ilikwenda nje ya mpaka kwa njia za porini na vitu vikarudi kwa njia hizo hizo: sabuni, betri, vitambaa. Mtu yule yule aliyechoma sanda ya mama yake kwa kuogopa sheria akaenda kutafuta nyingine kwa magendo.

Alirudi mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda, lakini tumbo limenenepa. Aliingia ndani, akavua shati mbele ya bibi, akaanza kuzunguka polepole huku kitambaa cheupe kikimtoka kiunoni. Hivyo ndivyo alivyokipitisha kwenye vizuizi vyote. Bibi alikishika kwa vidole viwili, akakisugua. "Chepesi kidogo kuliko kile," akasema, kisha akacheka, na baba akacheka, na sote tukacheka maana nyumba yetu ilikuwa haijasikia kicheko chao pamoja tangu ule moto. Nilidhani yale yamekwisha.

Usiku ule ule baba akatetemeka. Tukasema uchovu, tukasema maji ya machimboni. Ilikuwa malaria. Kulipokucha mama alimpakia kwenye baiskeli ya jirani, wakamsukuma hadi zahanati. Mganga alikuwepo, mizani ilikuwepo, kadi zilikuwepo. Vidonge vimekwisha, akasema, na gari la dawa halina mafuta. Akamrudisha mama mikono mitupu, macho yake mwenyewe yakiwa chini. Tukachemsha mwarobaini. Bibi alikaa na rozari kichwani pa mwanawe, na Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, baba akakata roho.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe na kibali, amekwisha kukiandika. "Kibali ninacho," akasema. "Kitambaa dukani hakuna." Baba yangu mdogo akasema basi achinjwe ng'ombe, azikwe kwa ngozi kama wazee wa zamani. Hakuna aliyekataa, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukubali.

Bibi akainuka. Tulisikia mfuniko wa bati. Akatoka na kitambaa mikononi na kuwapa wanaume waliokuwa wanaosha maiti.

"Mayu," mama akamwambia, "na wewe je?"

"Nilimpokea akiwa uchi," bibi akajibu. "Sitamrudisha uchi."

Miaka ikapita, ruhusa ya kuingiza bidhaa ikatolewa, maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini kwenye turubai. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia bibi marikani nzuri, nzito. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaishona shuka na kulalia. Hakuweka tena kitu sandukuni. Alipofariki tulinunua sanda Kagongwa mchana ule ule, bila kibali cha mtu.

Leo misiba ya huku ina sare. Vijana wanachapisha fulana zenye picha ya marehemu, na wanagombania rangi. Wenzangu wa rika hupenda kusema zamani kulikuwa kuzuri, na nikiwa mbele yao huwa naitikia, kwa sababu natamani yale mawe ya foleni na kicheko chetu, na uani pale na baba yangu ameinamia redio. Kisha narudi nyumbani. Juzi mjukuu wangu alikuwa na malaria, nikanunua dawa duka la pili kutoka kwetu, nikampa, naye akaitema sakafuni kwa sababu ni chungu. Niliinama nikakiokota kile kidonge, nikakaa nacho mkononi, mpaka mtoto mwenyewe akaogopa akafungua mdomo.