Mashini ya Papa kwa Bei ya Haki

Wewe uliyekulia Kadutu, hapa Bukavu, kama mimi utanielewa bila maneno mengi. Wiki iliyopita nilishuka mpaka mtaa wa Muhumba kuangalia mashini ya kukereza mbao, ile wazee wetu waliita turu. Sokoni waliniambia kuna mutu anauza ya zamani, na bei haiko mubaya. Mimi ni mwanamke wa mbao: natengeneza miko, mitwangio ya kutwangia sombe, majani ya muhogo, miguu ya vitanda. Miaka yote hii nakodi mashini za watu, na mwenye mashini akiamka vibaya, kwangu tunalala bila chakula. Basi nilifunga kwenye kitenge pesa yote niliyokuwa nayo, nikaenda. Kijana mwenye nyumba alifungua gereji, akavuta bashi iliyofunika mashini, na kitu cha kwanza nilichoona ni mguu wa kushoto. Ulikuwa umepasuka zamani ukachomelewa, na kovu lake limepinda kama mutu aliyeandika akiwa amelewa. Kovu hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Ilikuwa mashini ya papa yangu, baba aliyenizaa.

Kijana alikuwa anaongea, anasifu mota, anasifu chuma cha Wazungu. Sikumusikia. Harufu ya mafuta ya zamani na mavumbi ya mbao ilikuwa imekwisha kunirudisha kwetu, juu kule kilimani, nyumba zinapobebana mugongoni.

Papa aliinunua wakati meno yangu ya mbele yalikuwa yanang'oka. Muuzaji alikuwa muzee wa Kiislamu, jirani na muskiti, familia yake ilipanda kutoka Uvira, na kabla ya Uvira walitoka pwani ya mbali. Kiswahili chake kilikuwa laini, sisi watoto tulikuwa tunamuiga na kucheka. Papa alinichukua siku hiyo kwa sababu koko, mama yake, alikuwa kwenye shamba na hakuna wa kunichunga. Nilifikiri tutafika, tutatoa pesa, tutabeba. Kumbe hapana. Muke wa muzee alileta kwanza chai ya tangawizi na mandazi ya moto, na hakuna aliyetaja pesa. Desturi ya mafundi wa wakati ule, labda papa yako pia aliifuata, ilikuwa hivi: kitu cha zamani hakina bei mpaka mwenye kukiuza aseme njia yake, kilitoka kwa nani kikapita kwa nani, mbele ya watu. Muzee aliita majirani wawili, akaweka mukono juu ya mashini, akasema: "Hii niliipata kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga karakana. Yeye aliileta kwa treni na meli. Haina damu, haina machozi ya mtu. Mguu huu niliuvunja mimi mwenyewe kwa kuishusha vibaya, sifichi."

Halafu papa akachukua kijiti, akauma ncha moja kwa meno, ncha nyingine akaigusisha kwenye mashini pale inapozungukia, na muzee akawasha. Papa alifunga macho. Ndivyo walikuwa wanasikiliza kama vyuma vya ndani vimechoka. Akanipa na mimi kijiti. Yale meno yangu yaliyobaki yalicheza kwenye ufizi, na sauti ikanijaa kichwa kizima, nzito, tulivu, kama wanaume wengi wanaimba midomo imefungwa. Kisha wakaongea bei, polepole, kila mumoja akimuogopa mwenzake asije akaumia. Muzee akasema neno ambalo papa alilirudia maisha yake yote: "Bei ya haki ni ile ambayo kesho tukikutana njiani, hakuna atakayegeuza uso."

Wamama wa kubeba mizigo walipandisha vipande vidogo, kamba kwenye kipaji cha uso, na wanaume wanne wakabeba kile kirefu, wanasimama kila kona kutukana mulima.

Ah, miaka ile! Mbao ngumu ya libuyu ilikuwa inakuja kutoka Bunyakiri, nyekundu, yenye maji bado, na papa akiigusisha patasi, maranda yanaruka marefu kama nyuzi. Kazi yangu ilikuwa kuyafagia na kumupelekea koko. Koko alikuwa anapika maharagi kwa maranda, moshi unanukia kuliko chakula chenyewe, na siku ya sambaza, vile visamaki vya ziwa, avenyu nzima ilijua. Mvua ikipiga manjanja ya paa, mashini ikilia chini yake, mimi nilikuwa nalala usingizi ambao sijaupata tena. Kurant ya umeme ikikatika, papa alikuwa anaimba ili kazi isinyamaze. Vipande vilivyobaki aliwakerezea watoto pia za kuzungusha. Watoto wote wa avenyu walicheza na pia za papa, na wa jirani pia.

Sasa nafika kwa jirani. Utanisamehe, mimi si mutu wa kufunika. Wengine wanaandika kumbukumbu wakisema "vita ilichukua", "vita iliua". Vita haina mikono. Jirani yetu wa mulango wa pili, muuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, ndiye ninayemusema. Alikuwa anakuja jioni na kikombe chake, anakaa kwenye magogo, anatazama mashini inazunguka. Alikula kwetu. Kitanda alichozalia watoto, papa alimutengenezea. Koko alikuwa anasema nyumba yoyote iko na milango miwili, mulango na jirani. Hakutuambia mwizi anapita wapi.

Vita ya kwanza ilipofika mujini, askari walipanda avenyu yetu asubuhi, jua kali. Walitaka radio, matela za kulalia, pesa. Waliingia kwetu, wakachukua radio, wakatoka. Walikuwa wamekwisha kutoka, unanisikia? Askari hajui turu ni nini. Mimi na koko tulikuwa nyuma, kwenye migomba, na nilisikia kwa masikio yangu jirani akiwaita kutoka kizingiti chake: "Munaacha nini? Kwa huyo iko mashini ya dola nyingi. Mimi na vijana wangu tutawabebea, tutagawana."

Walirudi, na papa alisimama mbele ya mashini. Hakuwa na kitu mukononi. Alisema tu, "Baba, hii si ya kubeba, hii ni ya kufanyia kazi," kana kwamba anamuelezea muteja. Askari mwenye kofia ya sufu ndiye aliyepiga risasi. Mara moja. Papa alianguka juu ya maranda ambayo sikuwa nimefagia bado. Na jirani, muuza kasiksi, alichukua ufunguo wa papa kutoka kwenye musumari wake, akaanza kufungua bolti, akawa anawakaripia vijana wake wasikwaruze chuma.

Tulikimbia kwa njia ya pori mpaka Bunyakiri, kule mbao yetu ilikotoka. Koko alibaki huko, chini ya udongo ambao siwezi tena kuuonyesha. Niliporudi, nyumba haikuwa na manjanja wala madirisha, na jirani alikuwa amehama, amepanda cheo, anakaa Muhumba kwa wenye pesa. Nilienda kwa chefu wa avenyu, mukubwa wa mtaa. Alikuwa anajua yote, kwa sababu siku ile alichungulia dirishani. Aliniambia, "Binti, vita ni vita. Sahau." Nilienda kwa pasta. Naye akasema nisamehe, ila hakwenda kumuuliza yule kama anaomba kusamehewa. Hao nawaandika pamoja na wengine.

Sasa rudi na mimi kwenye gereji. Jirani alikufa, kwenye kitanda, na watoto wake kando, nilisikia hivyo. Huyu kijana ni mwanawe wa mwisho, alizaliwa baadaye, hakuijua Kadutu. Anauza kila kitu apate kutoka mujini. Si mutu mubaya. Alinipa kiti, akaagiza muke wake aniletee sukre, soda ya baridi. Nje, vijana wanaonunua chuma kuukuu walikuwa wamefika na nyundo zao na mizani, wanangoja niseme hapana.

Nikamuuliza, kama papa angemuuliza: "Kijana, kabla ya bei, niambie mashini hii ilitoka wapi."

"Ah maman, ni ya papa yangu. Alinunua kwa fundi mumoja wa kule Kadutu, wakati wa vita. Fundi alikuwa anakimbia, hana hata ya kula. Papa akamuonea huruma, akamupa pesa ya njia. Papa yangu alikuwa mutu wa roho nzuri, hata ukiuliza watu."

Halafu nikasema. Nilikuwa nimejiambia sitasema, lakini kinywa kilikataa. "Fundi yule hakukimbia. Ni papa yangu. Papa yako aliita askari wakarudi. Papa yangu aliuawa mbele ya mashini hii, nikiangalia. Hakuuza."

Kijana alinitazama. Nilifikiri sasa ataanguka, au atanifukuza, au atanipiga. Yote ningeyapokea. Akapiga mikono, akacheka kicheko kizuri cha mutu aliyefurahi.

"Eh, huyu maman! Muke wangu, njoo usikie! Asubuhi mununuzi mwingine ameniambia mashini iko na mapepo. Wa jana, mama yake iko ku hospitali. Na sasa huyu iko na marehemu!"

Muke wake akacheka mulangoni, sukre mukononi. "Maman, unajua kukata bei, ee. Ungenifundisha nitumie sokoni."

"Sikati bei," nikasema. "Nakuambia."

"Sawa, sawa, maman, umenishinda. Juu ya huyo marehemu, natoa dola kumi kwenye bei. Lakini sasa ni pri, bei ya mwisho, usiniletee maiti ingine."

Mmoja wa wale vijana wa chuma alikuwa amekwisha kuingia, anagonga mguu wa kushoto kwa nyundo yake, anapima kwa sikio uzito wake. Ningefanya nini? Leo Bukavu unamushitaki mutu kwa nani? Banki zimefunga, waamuzi walikimbia, na wenye bunduki wa leo hawajui hata wa jana walikuwa nani. Ningeondoka, jioni ingekuwa vipande kwenye mizani. Nilifungua kitenge. Nilitoa pesa, kumi pungufu, na zile kumi zilizobaki nikazifunga tena. Ndizo zilizolipa wabebaji.

Sitakudanganya kwamba kuna kitu kilirudi. Mbao ya Bunyakiri haishuki, barabara ni ya wenye silaha. Kurant inakuja inavyotaka. Muzee wa karibu na muskiti alikufa, majirani wake wawili sijui walizikwa wapi, na kwenye avenyu yetu wamebaki watu wapya wanaodhani kiwanja chetu kilikuwa wazi tangu Mungu aumbe. Nikisema papa, wanasema pole, wanaendelea kuosha vyombo. Hata mafundi wenzangu, wanaume wanaoijua kazi, walikuja kuiangalia. Waliizungusha kwa mukono, wakasikiliza, wakaniuliza nilitoa ngapi. Nikawaambia.

Wakatikisa kichwa kwa kunisifu. Walisema kwa mashini kama hiyo, wakati huu, mujini hapa, yule kijana hakuniibia hata kidogo. Na ni kweli. Ni bei ya haki. Hilo ndilo linalonimaliza.