Ulimi Usio na Punje

Mchinjaji wa nguruwe aliye jirani na meza yangu ya maharagwe, sokoni Muheto, hachinji kabla hajauvuta ulimi wa mnyama na kuupapasa kwa kidole gumba, taratibu, akitafuta punje za minyoo. Akizikuta, nguruwe anarudi kwa mwenyewe, hata wateja wapige kelele. Asipozikuta anasema kwa sauti ndogo, "Huyu iko safi," kisha ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Ulimi safi hauuzi. Anaukausha kwa moshi, anaufunga katika majani ya migomba na kumpa mwendesha pikipiki aupeleke Walikale, nyumbani kwa wazazi wa mke wake.

Mama huyo, mkewe, alikuwa akianguka kifafa. Sote tulikimbia povu lake, mimi wa kwanza. Mumewe naye alisimama mbali, halafu akamrudisha kwao. Mwaka jana picha ya kichwa chake iliyopigwa Goma ilionyesha punje kama zile ndani ya ubongo. Ni minyoo, daktari alisema, inatibika, na povu haliambukizi mtu. Tangu hapo anatuma ndimi, bila jibu.

Jumamosi jibu likaja. "Papa, mama alikula," mwendesha pikipiki alisema. "Anauliza: akianguka tena, utamushika, ao utasimama tu kule?" Mchinjaji aliweka kisu chini, akanawa, akanawa tena, kisha akabaki amenyoosha mikono mbele yake, maji yakichuruzika, kana kwamba mama yule alikuwa anaanguka palepale.