Taa Ziwe Kale

Nyinyi mnaojisifia Kiswahili, njooni mnicheke. Mimi ni fundi umeme, Mkenya, mwaka wa sita sasa hapa Kampala, na sina malalamiko. Huku "kale" ni neno la Kiganda la kukubali, yaani sawa. Nalitamka hata usingizini.

Juzijuzi Mama Nakato wa Lubaga alinikabidhi taa nne za ukutani, za shaba, alizoachiwa na shangazi yake. Zimeundwa kama matawi yenye majani, na balbu inakaa ndani ya ua. Zilikuwa zimeshika kutu ya kijani kwa uzee.

"Fundi, mimi nataka taa ikae kale. Umesikia?"

"Kale, nnyabo," nikajibu, yaani sawa, mama.

Nikazibeba hadi kwangu Kisugu, nikazisugua kwa ndimu na majivu siku mbili, jani kwa jani, huku napiga mluzi. Nilipozifunga ukutani kwake na kuziwasha, sebule iling'aa kama jino la dhahabu. Nikajipiga picha nazo.

Mama Nakato akaingia, akasimama ghafla.

"Kijani yangu iko wapi?"

"Nimeitoa yote, nnyabo. Si ulisema zikae kale?"

"Kale ya zamani!" Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi Muganda najikaza kusema Kiswahili yenu, na wewe Mkenya unasikia Kiganda?"

Nilitafuta neno la kuomba radhi. Kiswahili chote kilinikimbia, likabaki moja tu.

"Kale," nikasema.